Mnara Umefika, Simu Bado

Mama yule alikuwa ametoka Ikwiriri alfajiri. Alinieleza mwenyewe tulipokuwa tumebanana mbele ya meza ya kioo katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Jumamosi saa nne asubuhi, mikokoteni ikitusukuma migongoni na kipaza sauti cha duka la jirani kikinadi chaja na kava. Binti yake amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba mkopo wa elimu ya juu, na maombi hayo hufanyika kwa mtandao. Kwa muda wote binti amekuwa akiazima simu ya mwalimu wake. "Nimechoka kumsumbua mwalimu wa watu," alisema, akafungua fundo la khanga.

Kijana muuzaji alimpangia simu tatu juu ya kioo. Ya kwanza kitochi, elfu ishirini na tano. Ya pili simu ya kupangusa, kioo kidogo, RAM ya GB 1, laki moja na kumi. Ya tatu laki mbili na themanini.

"Mama yangu, sikudanganyi," alisema. "Hii ya laki na kumi leo itakubali kila kitu. Ukishaweka WhatsApp na picha mbili tatu, inaanza kuganda. Mwakani utarudi hapa unanigombeza."

"Mwanangu, mwakani ni mbali," mama alijibu. Akahesabu noti mara mbili. Alikuwa na laki moja na arobaini, na humo humo ndimo ilimokuwa nauli ya kurudi.

Alichukua ile ya kati. Nilimsaidia kubonyeza *#06#, nikaituma namba yenye tarakimu 15 kwenda 15090 kwa simu yangu, na jibu likarudi kwamba simu ni halali. Watu wengi wameisahau hatua hii, ingawa haichukui hata dakika mbili. Tangu usiku wa 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozifungia simu bandia, mnunuzi asiyehakiki anaweza kwenda nyumbani na kipande cha plastiki kisichoshika laini yoyote.

Nilipomuuliza kama kijijini kwao mtandao unashika, alinishangaa. Mnara wanauona kutoka uani. Usiku taa yake nyekundu huwaonyesha wavuvi njia.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu mjadala wetu wa mawasiliano umeelekea zaidi kwenye minara. Mei 2023 pale Dodoma, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa na ya maana. Yupo mtu ambaye kabla ya mnara alikuwa akipanda kichuguu ili ampigie mkunga. Lakini GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, umekuwa ukieleza mwaka baada ya mwaka kwamba Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wasiotumia intaneti wanaishi mahali ambapo mtandao umekwisha kufika. Mawimbi yanawapita juu ya paa, na mikononi hawana chombo cha kuyapokea, au wanacho na hawana fedha ya kukitia MB.

Kwanza chombo chenyewe.

Juni 2021, katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Lengo lilitajwa wazi: ifikapo 2025 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia intaneti. Nilifurahi. Katika simu ya laki mbili na themanini, kodi hiyo ni karibu elfu 43. Fedha hiyo kwa mama wa Ikwiriri ni magunia ya mkaa.

Mwaka mmoja baadaye msamaha ulifutwa.

Wapo wanaoona kwamba mwaka ule ulithibitisha kuwa kodi haina uhusiano na bei ya simu. Mimi nasema hatukulipima jambo lenyewe. Msamaha wa VAT si sawa na kutoza asilimia sifuri. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai arudishiwe VAT aliyoilipa kwenye pango, usafirishaji na matangazo, kwa hiyo gharama hiyo anaipachika palepale kwenye bei ya rejareja. Tena simu zilizokwisha kuingia madukani zilikuwa zimelipiwa kodi, na hakuna mwenye duka Aggrey atakayeshusha bei ya mzigo wa zamani kwa hiari yake. Punguzo la kodi lisilokuwa na mtu wa kufuatilia bei ya mezani huishia mfukoni mwa mtu wa katikati. Majirani zetu wa Kenya waliondoa VAT ya asilimia 16 kwenye simu mwaka 2009 na kuiacha hivyo hadi 2013. Utafiti wa GSMA ulionyesha kwamba ununuzi wa simu nchini humo uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 200 baada ya hatua ile. Wao waliipa miaka minne. Sisi tuliipa mmoja.

Basi mtu asiye na laki mbili na themanini afanyeje? Ataambiwa kuna mkopo.

Hapa naomba nikae kidogo, maana jambo hili limeingia nyumbani kwangu. Mdogo wangu anaendesha bodaboda Chanika. Abiria wake wengi humwita kwa programu, kwa hiyo simu janja kwake ni kama tairi. Simu ya zamani ilipopasuka kioo, alikwenda kwenye duka la kampuni moja ya simu za mkopo, sitaitaja, akapewa simu ambayo bei yake kwa fedha taslimu ilikuwa Sh280,000. Alitoa kianzio cha Sh50,000, akaambiwa atalipa Sh1,500 kila siku kwa siku 365. Elfu moja mia tano! Alirudi akitabasamu. Bei ya sahani ya chipsi, alisema, nani atashindwa?

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Mwezi wa nne pikipiki ikafa injini, ikalala kwa fundi siku tano. Siku ya pili usiku simu ikajifunga. Kioo kizima kikawa na tangazo moja la kulipa, na huwezi kupiga ila namba za dharura. Asubuhi alikuja kwangu kwa miguu.

"Kaka, hela ninayo," alisema. "Ni elfu kumi na nne. Lakini iko ndani."

Fikiria hilo. Fedha yake ilikuwa kwenye akaunti ya simu, simu imefungwa, na simu ili ifunguliwe inataka fedha. Tulitafuta kitu chembamba cha kusukuma kitundu cha laini. Shemeji yake akachomoa pini kwenye hijabu. Tukaitoa laini, tukaiweka kwenye kitochi changu cha zamani kinachokaa kwenye droo, akaingia kwenye menyu, akalipa deni la siku mbili. Tulikaa barazani tukiitazama ile simu mpya hadi ikafunguka. Ilichukua karibu nusu saa. Nusu saa hiyo hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Alipokwenda, nilichukua karatasi ya mkataba aliyoisahau mezani nikaisoma yote. Ilitaja kianzio. Ilitaja malipo ya siku. Ilieleza kwa kirefu kwamba kampuni inaweza kuifunga simu kwa mbali. Neno riba halikuwemo, wala jumla ya fedha atakayolipa. Nikazidisha mwenyewe: 1,500 mara 365 ni Sh547,500. Ongeza kianzio, ni Sh597,500. Simu ya Sh280,000 ataimaliza kwa karibu laki sita.

Nikaenda mbele zaidi. Alichokopeshwa hasa, ukitoa kianzio, ni Sh230,000. Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea watoa huduma ndogo za fedha ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukipiga riba hiyo kwa mwaka mzima juu ya deni lote, bila hata kuipunguza kadiri anavyolipa, inakuwa Sh96,600. Maana yake, kwa kipimo hicho, simu ingemgharimu kama Sh376,600 tu. Iliyobaki, zaidi ya laki mbili, ni bei ya kuwa mtu asiye na fedha taslimu.

Kampuni hizi nazo zina hoja, na ni haki isikike. Wengi wanaochukua simu hizi hawana dhamana, hawana mshahara, benki isingewafungulia hata mlango. Wapo wanaotoroka, wapo wanaompelekea fundi simu aivunje kufuli, na hasara hiyo lazima mtu ailipe. Mtindo wenyewe wa kulipia kidogo kidogo na kukifunga kifaa kwa mbali ulianzia kwenye taa za sola, ukawatoa watu wengi kwenye vibatari. Bila mkopo, mdogo wangu asingekuwa na simu. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuficha jumla. Mtu mzima aliyeelezwa kwamba atalipa laki sita ana haki ya kusema ndiyo. Aliyeonyeshwa elfu moja mia tano hakuulizwa swali lenyewe.

Zamani hatukuwa na shida hii. Marekani na Ulaya watu walizoea kupewa simu na kampuni ya mtandao kwa mkataba wa miaka miwili, simu ikiwa imefungiwa laini moja, na bei ikiwa imefichwa ndani ya ada ya mwezi. Ndiyo maana simu zilizotumika zinazotoka huko hufika Kariakoo zikihitaji kufunguliwa kwanza. Kwetu simu ulinunua dukani, laini ukanunua kwa wakala, vocha ukakwangua. Kila kitu na bei yake, na kila kitu chako. Kufuli limerudi kwa mlango mwingine.

Lipo pia suala la simu zinazozeeka kabla ya wenyewe. Mwaka 2019 Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, ilileta simu iliyoitwa Kitochi 4G Smart: vitufe kama kitochi, betri inayokaa, lakini ndani yake mfumo wa KaiOS na WhatsApp. Niliwanunulia watu wawili wa makamo kijijini na waliipenda kwa sababu hawakulazimika kujifunza kupangusa. Baadaye WhatsApp ikaacha kuhudumia KaiOS. Tangu 1 Januari 2025 imeacha pia Android za zamani zilizo chini ya toleo la 5. Anayenunua simu ya bei ya chini kabisa ananunua pia miaka michache kabisa, na hakuna kibandiko kwenye boksi kinachomwambia.

Nakuja kwenye bando.

Wengi tunaikumbuka 2 Aprili 2021. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu waliamka, wakaingia kwenye menyu kujiunga kama kawaida, wakakuta fedha ileile inawapa MB chache kuliko za jana. Ilikuwa siku ya kuanza kwa utaratibu mpya wa vifurushi, ambao kwa kweli ulitokana na malalamiko ya wananchi wenyewe na uliandikwa ili kuwalinda. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilizisitisha bei hizo mpya. Kutoka kwenye mvutano wa mwaka ule nimebaki na namba mbili ambazo kila mtumiaji angefaa kuzijua: mipaka ya bei ya data iliyowekwa na TCRA, kati ya Sh2.03 na Sh9.35 kwa MB moja.

Zinaonekana ndogo. Zizidishe kwa 1,024 upate GB. Chini ni Sh2,079, juu ni Sh9,574. Kati ya Mtanzania anayenunua data kwa bei ya sakafuni na anayenunua kwa bei ya darini kuna tofauti ya zaidi ya mara nne, na kwa mipaka hiyo wote wako ndani ya sheria.

Nani yuko darini? Mara nyingi ni yule anayenunua kwa vipande. Mama ntilie wa kijiweni kwetu hujiunga kifurushi cha Sh500 kila asubuhi, kwa sababu wateja humwagiza chakula kwa WhatsApp. Kwa mwezi ni Sh15,000, kila mwezi, bila kukosa siku. Lakini hana Sh15,000 kwa mpigo, kwa hiyo hapati kifurushi cha mwezi chenye GB nyingi kwa fedha hiyohiyo. Saa 24 zikiisha, zilizobaki zimekwenda. Zikimwishia saa tisa alasiri, simu inaweza kuanza kula salio nje ya kifurushi. Mwenye kipato cha mwezi hununua jumla, mwenye kipato cha siku hununua rejareja, kama ilivyo kwa sukari na mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba sukari uliyoinunua ya robo haiyeyuki kesho yake asubuhi.

Wanaosema haiwezekani kuuza MB zisizoisha muda waangalie ng'ambo ya Namanga, Kenya. Safaricom ilianza kuuza data isiyo na muda wa kuisha Oktoba 2019, na haikufilisika. Huko pia, Julai 2020, ilishirikiana na Google kuanzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku, na Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, kikatoa simu ya 4G kwa KSh7,499. Kenya nayo ina kasoro zake. Mwaka 2022 iliweka ushuru wa asilimia 10 kwenye simu zinazotoka nje, na mzigo huo humfikia mnunuzi. Uganda nako, kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018 ya shilingi 200 kwa siku iliondoka 2021, ikaachia nafasi ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Hakuna nchi katika ukanda wetu iliyokwisha kuamua kama simu ni kitendea kazi au ni kitu cha kukamulia kodi.

Na sisi tunaweza. Tuliwahi kufanya, tena kimyakimya.

Baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa mpunga, alikuwa na simu mbili alizozifunga pamoja kwa mpira, kila moja na mtandao wake. Wengi tulikuwa hivyo. Kupiga kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo tulibipu, tukabadilisha laini kila baada ya simu moja, na Tecno na itel zikatupenda kwa sababu zilituletea simu za laini mbili. Chanzo cha ughali ule kilikuwa gharama za muunganisho, yaani fedha ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine ili simu ipokelewe upande wa pili. TCRA iliishika gharama hiyo na kuishusha hatua kwa hatua kwa ratiba iliyotangazwa mapema: Januari 2018 ikawa Sh15.60 kwa dakika, mwaka uliofuata Sh10.40, kisha Sh5.20, kisha Sh2.60, hadi Sh2 mwaka 2022. Leo kifurushi cha dakika za mitandao yote ni jambo la kawaida, na vijana hawaelewi ukiwaeleza habari za ule mpira. Hapakuwa na hotuba wala vigelegele. Palikuwa na namba, na palikuwa na tarehe, na kila kampuni ilizijua miaka kabla.

Naomba mkono uleule uletwe kwenye simu na kwenye MB. TCRA, Benki Kuu na Tume ya Ushindani wakae meza moja, watoe amri ya mstari mmoja: kila mkataba wa simu ya mkopo uandike juu kabisa, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, bei ya fedha taslimu na jumla ya fedha itakayolipwa, zikiwa pembeni kwa pembeni. Kufuli la deni lisiguse akaunti ya fedha ya mwenye simu, kwa maana huko ndiko anakotoa fedha ya kulipia deni lenyewe. Kifurushi cha siku kikibaki MB, zihamie siku inayofuata mtu anapojiunga tena, bila kumtafutisha kwenye menyu. Na msamaha wa VAT ukirudi, uje kama kiwango sifuri, kwa miaka isiyopungua mitatu, na bei za mezani Kariakoo, na Makoroboi na Soko Matola huko mikoani, ziandikwe kila mwezi na kutangazwa gazetini.

Mdogo wangu bado analipa. Amebakiza siku 112.

Nawe msomaji, ukisimama mbele ya meza ile ya kioo, usiweke kidole kwenye mkataba kabla ya hesabu. Chukua malipo ya siku, zidisha kwa idadi ya siku, ongeza kianzio. Kisha mwulize muuzaji bei ya taslimu ya simu hiyohiyo. Asipotaka kukutajia, irudishe mezani uondoke.